Talaka Moja ya Muuza Kanga

Mume wangu wa kwanza alikuwa babu yangu, muuza kanga. Ndoa yetu ilifungwa siku nilipozaliwa, shangazi zangu walipokubaliana nipewe jina la bibi, ambaye alikuwa amefariki muda si mrefu kabla. Babu alinipokea nikiwa nimeviringishwa kanga mbili, akanitazama, akasema, "Mke wangu amerudi, ila safari hii hana meno." Tangu hapo sikuwahi kuwa mjukuu. Nikichelewa kutoka shule alilalamika mbele ya wateja kwamba mke wake anazurura. Chai yangu ikiwa nyepesi alisema yule wa kwanza hakuwa hivi, nami nilimjibu amfuate basi huko aliko. Wageni walishtuka kidogo. Watu wa kwetu Dodoma walicheka, kwa sababu karibu kila nyumba ilikuwa na ndoa ya namna hiyo.

Nayasema haya mwanzoni kwa kuwa bila ndoa hii, habari ya mimi na vyuo viwili haitaeleweka. Watu huniuliza nilichaguaje, hasa vijana wanaoletwa ofisini kwetu kujifunza kazi ya kompyuta, na huwa wanatarajia nizungumzie walimu, maabara na ajira. Mimi nikianza kuzungumzia kanga, naona wanatazamana.

Duka la babu lilikuwa mitaa ya nyuma ya soko, kwenye zile nyumba za zamani zenye baraza. Babu yake alipita hapa na msafara akitoka Tabora kwenda pwani, akashikwa na homa, wenzake wakamwacha apone, naye akaoa. Babu alipenda kusema ukoo wetu wote ni mgonjwa aliyesahau kuendelea na safari. Baba yake aliuza kanga, na yeye akauza kanga. Miaka ile ya foleni, nguo zilipotolewa kwa mgao, alikaa mbele ya rafu tupu akiwaeleza wanawake kanga ambazo zingekuja, kama zingekuja. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Malori yakaanza kushusha marobota, rafu zikajaa mpaka darini: kanga za viwanda vya hapa, za Kenya, za India, za maua, za korosho, za kuku na vifaranga wake. Na kila moja ilikuwa na jina lake, limeandikwa juu ya pindo la chini.

Kila mwanamke anajua kwamba kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake. Inanunuliwa kwa jina. Kuna kanga ya kumpa mama, kuna ya kumpa shoga, na kuna ya kupita nayo polepole mbele ya mlango wa jirani mliyegombana. Sifa kubwa ya babu mjini ilikuwa kwamba hakunjui kanga. Doti ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kwenye robota, aliipiga kiganja juu ya meza na kulitaja jina lake kwa sauti, na mteja aliichukua hivyo hivyo, ikazungushiwa gazeti, akaenda nayo. Kuikunjua mbele yake kulikuwa sawa na kumwambia mwongo.

Lakini macho yake yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda pande zote mbili, na aliyejua alikuwa mimi tu. Nilikuwa bado msichana wa shule aliponivuta siku moja nyuma ya meza na kuninong'oneza, "Mke wangu, ile ya njano pale juu inasemaje?" Nikachungulia ncha ya doti, nikamnong'oneza, naye akaitangaza kwa mteja kwa sauti ileile ya siku zote. Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi aliuza zile alizokariri mahali pake rafuni. Jioni, duka lilipojaa, nilikuwa napita nyuma yake nikijifanya napanga, na midomo yangu haikufunga. Si baba aliyejua, si mama, wala fundi cherehani aliyekaa barazani kwetu akiwapindia wateja kanga zao. Hospitali babu hakutaka kuisikia. Alisema jicho la mtu si gunia la kushonwa.

Mkabala na duka kulikuwa na mama mmoja aliyefungua ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi. Alikuwa na kompyuta mbili. Moja ilifanya kazi kutwa, ikichapa barua za maofisi na taarifa za vikao, na nyingine alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, kama watu walivyofunika redio sebuleni. Hiyo ya kitambaa ndiyo aliyoniruhusu kuigusa baada ya mtihani wa kidato cha sita, nikiwa nyumbani sina la kufanya. Fundi aliyekuja kuitengeneza alikuwa amesahau kitabu chake pale, kikubwa, kimechanika jalada. Nilikisoma kwa shida, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikaweza kuiandikia mistari michache ya maagizo, nayo ikaniuliza jina langu, nikaliandika, ikanisalimu. Nilirudi dukani nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Babu alisema ameshasikia hatua za mke mwenye bwana mwingine.

Niliomba vyuo viwili, vyote kusomea kompyuta, nikitumaini kupata kimoja. Nikapata vyote.

Kimoja kilikuwa pwani, chuo cha siku nyingi. Niliwahi kukitembelea na wenzangu wa shule, tukaoneshwa chumba chenye kompyuta zilizopangwa safu kwa safu, na baridi humo ndani ilinifanya nijikunyate. Dada mmoja mwanafunzi alikuwa ameketi kwenye kona akiandika, hata hakuinua macho kututazama. Nilitaka kuwa yeye. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Chuo cha pili kilikuwa hapa hapa kwetu, kipya kabisa, bado mafundi walikuwa wanapaka rangi. Nilikwenda kukiona kwa miguu, nikazunguka kwenye upepo na vumbi jekundu. Hakikuwa kibaya. Kilikuwa kipya tu, na kompyuta zake zilikuwa njiani. Kutoka pale juu ningeweza kuona mji wote, na nikijua pa kutazama, hata mabati ya nyumba yetu.

Nyumbani kukawa bunge. Baba, ambaye alikuwa mtumishi idara ya maji, alikuwa upande wa pwani. Cheti cha kule, alisema, hakiulizwi maswali. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alitaka nibaki. Aliniambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Baba akamwuliza tangu lini anamtakia mwanawe zimwi. Mama akasema mshika mbili moja humponyoka, nichague haraka. Baba akasema haraka haraka haina baraka. Walikuwa na uwezo wa kupigana methali tangu magharibi hadi isha, na mimi nikitoa vyombo katikati yao bila kuulizwa.

Babu yeye alikuwa upande wa ndoa yake.

"Ukienda pwani, naoa," alisema. "Kuna mjane Mpwapwa, kila nikienda ananitazama."

Nilitaka kumwambia kwamba hata akitazamwa na wajane kumi hatamwona hata mmoja, lakini watu walikuwa wamekaa, nikameza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yangu, na sikuweza kumwambia mtu. Nilikitaka chuo cha pwani kwa moyo wote. Lakini nikiondoka, nani atachungulia ncha ya doti? Babu bila kanga angekuwa nani, mzee wa kusindikizwa chooni? Nilijaribu kumwuliza yeye mwenyewe, tukiwa wawili tunafunga milango ya duka. Nikamwambia, "Babu, sasa sitanii. Nisome wapi?" Akanijibu kwamba mke anayemwita mume wake babu anatafuta ugomvi. Nilimsukuma bega kwa hasira. Katika nyumba yetu kila jambo kubwa lilisemwa kwa utani, na ukishazoea hivyo, siku unayotaka neno lisilo na utani hujui uligongee mlango gani.

Siku zilizofuata mimi na mama tulikwenda Mpwapwa kwenye arubaini ya mtoto wa shangazi. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumefungua robota jipya. Ndani yake mlikuwa na kanga mbili za rangi ya damu ya mzee, zote za korosho, zinafanana kama pacha. Moja iliitwa *Pendo la mama halina kipimo*. Nyingine iliitwa *Mtasema sana, mume ni wangu*. Nilimwambia babu ya mama iko juu, ya mume iko chini, akaigusa rafu mara mbili kukariri. Sikuwa na wasiwasi.

Tuliporudi, siku ya pili yake, ilikuwa Jumamosi, na baba alikuwa amekuja dukani kunywa kahawa na babu. Akaingia mwanamke mmoja, mwalimu kutoka Haneti, amebeba kifurushi cha gazeti. Alikuwa amevimba kwa hasira, lakini adabu ni adabu, alianza na salamu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Habari za Haneti?"

"Babu, umeniharibia nyumba."

Akakifungua kifurushi juu ya meza. Akasimulia kwamba alinunua kanga ya kumpelekea mama mkwe wake, amemaliza mwaka wa kwanza wa ndoa bila neno baya, akataka kumshukuru. Akamkabidhi mbele ya mawifi na majirani waliokuja kupukuchua mahindi. Mama mkwe akafurahi, akasimama, akaikunjua doti nzima ili wote waone, na wifi mdogo, ambaye alikuwa anajivunia kusoma kwake, akalisoma jina kwa sauti kubwa: *Mtasema sana, mume ni wangu*.

Fundi cherehani barazani alisimamisha mashine yake.

"Mama yule aliikunja tu," mwalimu akaendelea. "Akanirudishia. Na mume wangu halali nyumbani, analala kwa mama yake. Babu, mimi nilikuamini."

Babu aliivuta ile kanga. Aliinua pindo mbele ya uso wake, akalipitishia vidole, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Mwanangu, hii imeandikwa *Pendo la mama halina kipimo*."

Alikuwa ameishika juu chini.

Baba alikitua kikombe chake polepole. Mimi nilikuwa wa kwanza kusogea, nikaitoa ile pacha rafuni, nikaikunjua mwenyewe mbele ya yule mwalimu, kosa ambalo halijawahi kufanyika katika duka lile, nikamwonesha jina. Baba akaandika maneno ya kumwomba radhi mama mkwe, akasema atampeleka yeye mwenyewe kwa gari la kazini mpaka Haneti na kueleza kwamba kosa ni la mzee wake, na kweli alikwenda. Ile kanga ya mume ikabaki juu ya meza. Babu alikuwa bado ameishika ncha yake, kama mtu anayesubiri kuambiwa aiachie.

Baba aliporudi jioni hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu kwamba muuza kanga asiyeona kanga hawezi kuendelea, na kwamba kuna mtu anatafuta mahali pa kuuzia simu na vocha, angelipanga duka mwezi ujao. Tulikuwa tunakula. Babu alimega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akala. Hakusema mjane wala Mpwapwa. Nilingoja aseme lolote la kijinga, hata la kunitukana mimi, nikaona anaomba maji ya kunawa.

Nikasema, "Sitakwenda pwani. Nitasoma hapa hapa. Asubuhi nitakuwa chuoni, jioni nitakuwa dukani na babu. Hakuna haja ya kupangisha."

Uso wa mama uling'aa. Hata baba alionekana kupumua. Ilikuwa imepatikana njia ya kila mtu, na mimi nikajiona mtu mwema sana.

"Mjukuu wangu," babu akasema.

Sote tuligeuka. Sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake likinielekea mimi.

"Mjukuu wangu, ukikitaka kile cha hapa, kisome. Ni kizuri, ni cha kwetu. Lakini chagua chuo. Mimi si chuo."

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka. Nililia pale pale kwenye mkeka mbele ya sahani, na ilikuwa ni hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimchukia kwa kunikatalia wema wangu. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa ananipenda kuliko nilivyokuwa ninampenda yeye, kwa sababu mimi nilitaka kumbebea mzigo, na yeye alitaka nisiwe na mzigo.

Kesho yake nilikuta babu na fundi cherehani wamekaa barazani, kanga zimejaa mkekani. Siri ilikuwa imeshatoka, basi babu hakuona haya tena. Fundi alikuwa anamsomea majina, na babu alikuwa anaifunga kila doti kwa uzi, anaupiga uzi mafundo. Fundo moja ni kanga hii, mafundo mawili ni ile, matatu ni nyingine. Nilipofika walikuwa kwenye uzi wenye mafundo kumi na tisa, na babu alikuwa ameshapotea mara kadhaa akiyahesabu. Fundi alikuwa amechoka, cherehani yake ilikuwa imekaa bila kazi na mteja mmoja alikuwa anasonya.

"Kwani fundi asikusomee tu kila siku?" nikamwuliza.

"Duka la kanga haliwi na watu wawili, mmoja anauza, mmoja anasoma," babu akasema. "Hiyo si biashara, ni hitima."

Nilikaa chini. Bado nilikuwa nimenuna. Lakini nilipoutazama ule uzi wa mafundo kumi na tisa, nikakumbuka kitabu cha jalada lililochanika. Kilikuwa kimeeleza kwamba kompyuta haijui kuhesabu kama sisi, inajua mambo mawili tu, kuna kitu au hakuna kitu, na kwamba kwa hayo mawili yakipangwa safu inaweza kuandika chochote. Nilikuwa nimeisoma sura ile nikaona naelewa, kumbe nilikuwa naikariri tu.

Nikachukua kipande cha tepe kwa fundi, nikamwomba akishonee nyuzi tano zinazoning'inia, kama vidole vya mkono. Nikamwambia babu kwamba kila uzi ama una fundo au hauna. Fundo moja tu, si zaidi. Uzi wa kwanza una fundo na nyingine ziko wazi, hiyo ni kanga moja. Wa kwanza na wa tatu zina mafundo, hiyo ni nyingine.

"Vidole vitano vitatosha kanga tano," babu akasema.

"Vitatosha thelathini na mbili."

"Mwongo."

Tulikaa mchana kutwa tukizipanga. Nilikuwa nafunga nyuzi, namwekea mkononi, anapapasa, anasema, "Fundo, wazi, wazi, fundo, wazi," na mimi nasema jina, na yeye analirudia. Alipofika kwenye ya ishirini na kitu na bado hakuna iliyofanana na nyingine, alianza kucheka, kicheko cha chini chini kilichotikisa tumbo. Akauliza zikija kanga mpya kupita hizo je. Nikamwambia tunaongeza uzi mmoja, zinakuwa mara mbili. Akasema huo sasa ni uchawi na hataki kuuzungumzia barazani.

Uchawi wenyewe ulikataa siku ya kwanza. Alitaja majina matatu sawasawa, la nne akalikosea, na la tano. Nilitaka kulia tena. Fundi ndiye aliyeona kwamba mzee alikuwa ameishika tepe kwa upande wa pili, akasoma kidole cha mwisho kama cha kwanza. Akashona kifungo cha shati mwanzoni mwa kila tepe, ili mkono ujue pa kuanzia. Miaka mingi imepita, nimeshatafuta makosa katika maelfu ya mistari ya maagizo ya kompyuta, na mara nyingi kosa linakuwa ni hilo hilo, mtu ameanzia upande usio wake. Bado huwa nalitafutia kifungo cha shati.

Baba hakushawishika kwa maneno. Akaja siku ya gulio, akasimama mlangoni amekunja mikono kama mkaguzi wa shule. Wanawake walikuwa wengi, wamekuja kutoka vijijini na wamesikia habari ya Haneti, na baadhi yao nadhani walikuja kuona mzee akikosea tena. Mmoja akaomba kanga ya kumpa wifi waliyepatana naye. Babu alipeleka mkono rafuni, vidole vyake vikapita chini ya doti moja, ya pili, ya tatu, haraka, kama mtu anayechambua mchele. Akaivuta moja, akaipiga kiganja juu ya meza, akataja jina. Yule mwanamke akaikunjua palepale, bila haya. Akasoma. Akaikunja.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Najua," babu akasema. "Mwingine."

Mimi nilikuwa nimesimama barazani na fundi, mbali na rafu, mikono nyuma. Midomo yangu ilikuwa inataka kunong'ona na haikuwa na mtu wa kumnong'oneza. Furaha niliyoisikia ilikuwa na uchungu ndani yake, sikuitarajia. Baba alitazama mpaka wateja walipopungua, akanywa kahawa yake, na habari ya vocha haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Jioni ile nilimwambia baba na mama kwamba nimechagua pwani. Mama aliuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Aliniambia basi nisiseme baadaye sikuambiwa habari ya joto la kule, na akaanza kuorodhesha nguo za kuchukua, na nikajua amekubali.

Siku moja kabla ya safari, baada ya swala ya alasiri, babu alituita sote barazani. Fundi alikuwepo, na yule mama wa kuchapa alivuka barabara kuja kuniaga. Babu alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya viua. Mapajani alikuwa na kifurushi kilichozungushiwa gazeti.

"Nimewaita muwe mashahidi," akasema. "Mke wangu huyu anakwenda pwani. Mimi ni mtu mzima, siwezi kumfuata, na sitaki aseme kuna mtu amemfunga. Kwa hiyo mbele yenu ninampa talaka."

Watu wakaanza kucheka. Fundi akapiga makofi. Mimi nikauliza kama mahari yangu narudisha au nabaki nayo. Baba ndiye aliyekunja uso. Alikuwa mtu wa dini, na mzaha huu ulimkaa vibaya.

"Baba, sema mengine yote," akasema. "Talaka haina mzaha. Hata ukiitamka kwa kucheka, inahesabika."

"Ndiyo maana nimeitafuta hiyo," babu akajibu.

Kicheko kikapungua. Babu aligeuza uso wake upande nilipokuwa nimekaa, akakosea kidogo, akamtazama mama badala yangu, na mimi nikasogea mpaka nikawa mbele ya macho yake.

"Nakupa moja," akasema. "Unasikia? Sikukupa tatu. Moja. Mwenye kuachwa moja bado anarejewa. Nenda ukasome, mlango sijaufunga."

Mama alikuwa anajifuta kwa ncha ya mtandio. Baba alitazama chini, na hakusema tena kwamba haifai. Babu akanipa kile kifurushi, akasema mwanamke akiachwa na mtu mstaarabu hatoki mikono mitupu, na nisikifungue mbele za watu, nisije nikamdhalilisha. Nikamwambia, "Asante, mume wangu." Akasema, "Mtalaka wako." Kisha akamwuliza fundi kama chai imeisha au watu wanamngojea afe ndipo wamimine.

Asubuhi baba alinisindikiza stendi. Babu hakuja. Alisema mtalaka hasindikizi, na kwamba ana duka la kufungua. Nilikaa dirishani, sanduku langu likiwa juu ya basi na kifurushi mapajani. Mji ukaisha upesi, yakabaki mashamba ya mtama yaliyokauka na vilima vya mawe. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa amelala kabla hatujafika Kibaigwa.

Sikukifungua kifurushi. Niliingiza mkono tu chini ya gazeti, nikapapasa mpaka nikakuta tepe, nikatafuta kifungo. Nikaanza hapo. Wazi, fundo, fundo, wazi, fundo. Nikarudia kutoka mwanzo, taratibu zaidi, nikidhani nimekosea, kwa sababu orodha ile niliipanga mwenyewe na niliijua kama jina langu. Sikuwa nimekosea. Wala yeye, siku hizo, hakuwa akikosea tena. Ilikuwa ni ile ya damu ya mzee, ya korosho, iliyorudi kutoka Haneti.

*Mtasema sana, mume ni wangu.*

Nikacheka kwa sauti mpaka jirani yangu akaamka na kuniuliza kuna nini, nami nilikuwa nimeshaanza kulia.